Miaka Kumi na Mitatu Niliyomwongezea Shangazi

Naomba radhi kabla hujasoma. Mwandiko wangu ni mbaya na herufi zangu zinaegemeana kama watu waliosimama foleni muda mrefu. Niliishia shule ya msingi: madarasa matano Tanzania, tulikokuwa tunaishi, na lililobaki hapa Rwanda baada ya kurudi, nikiwa nusu ya maneno ya mwalimu siyaelewi. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Dada mmoja jirani yetu, aliyesoma kunizidi, amepitia karatasi hizi na kurekebisha maneno mengi. Makosa yaliyobaki ni yangu, na kama ni mengi, vumilia.

Nataka kueleza siku kumi na moja nilizokaa hospitalini na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, na jambo nililolifanya humo kwa karatasi moja.

Shangazi anauza nyanya. Tunaishi Mbugangari, mtaa wa Gisenyi hapa mpakani, yeye na mimi tu, tangu baba alipofariki. Kwa miaka mingi ameamka, amepanga nyanya kwenye ndoo mbili, na kuvuka mpaka kwa miguu kwenda Goma, ambako ana wateja na ndugu zetu wengine. Alikulia upande huo, ndiyo maana Kiswahili chake ni cha Goma na changu ni cha Tanzania, na kila mmoja humcheka mwenzake. Mchana hurudi na ndoo tupu au na mafuta ya mawese. Mimi kazi yangu ni kubeba mizigo ya watu sokoni. Sijui kuongea na watu, lakini gunia haliulizi kitu.

Ugonjwa ulianza kwa viatu. Viatu vyake vya plastiki vilimbana, akanunua namba kubwa zaidi, navyo vikambana. Akasema viatu vya siku hizi vinasinyaa. Halafu akaanza kulala akiwa ameketi, mgongo ukiegemea gunia la nguo, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo lilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Aliendelea kuvuka mpaka hivyohivyo. Asubuhi moja alitoka na ndoo, akafika kwenye kona, si mbali na mlango wetu, akakaa chini juu ya jiwe. Nilimkuta midomo imebadilika rangi.

"Niko napumzika," akasema.

"Umepumzika tangu saa ngapi, shangazi?"

"We beba ndoo, wachana na saa."

Jirani mwenye gari alitupeleka hospitalini. Walimwekea mpira wa hewa puani na kumchoma sindano ya kumfanya akojoe. Daktari alisema moyo wake umeshindwa kufanya kazi yake. Hausukumi damu vizuri, kwa hiyo maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu.

Kwetu mgonjwa hakai hospitalini peke yake. Lazima awe na mtu wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza, kumwaga beseni. Mtu huyo anaitwa umurwaza. Wodi ya wanawake, umurwaza ni mwanamke, ni jambo ambalo halihitaji kuandikwa ukutani. Shangazi hana binti. Nikaingia mimi, kijana wa miaka ishirini na mmoja, nikiwa na sufuria na mkeka.

Kitanda cha pili kilikuwa na kikongwe mwenye ugonjwa kama wa shangazi, na aliyemuuguza alikuwa mke wa mwanawe, mama mnene kutoka Rugerero ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Kijana, kwenu wanawake wameisha?"

"Tuko wawili tu," nikasema, nikiangalia sakafu.

"Basi leo umeolewa. Karibu jikoni. Kanga ipo?"

Wodi nzima ilicheka, na shangazi, hewa ikipita puani, naye alicheka mpaka akakohoa. Wanawake walipooshwa niliambiwa nigeukie ukuta. Ukuta ule naujua kuliko mtu mwingine yeyote. Una ufa unaoanzia kwenye swichi, unakwenda mpaka dirishani, kisha unarudi.

Kazi yangu kubwa ilikuwa chupa. Daktari alitaka kujua shangazi amekunywa maji kiasi gani na amekojoa kiasi gani, kila siku. Nilipewa chupa yenye mistari na karatasi ya kuandika. Herufi zinanishinda lakini tarakimu siziogopi. Niliandika kila tone. Asubuhi tulimsimamisha kwenye mzani, nikaandika kilo. Kilo zilipungua, na nikazifurahia kwa namna ya ajabu, maana nyumbani mtu anayepungua kilo watu humsikitikia.

Siku ya pili ndipo nilipoiona ile karatasi. Daktari wetu alikuwa dada kijana. Wazazi wake walirudi kutoka Uganda, na yeye aliongea Kinyarwanda kilichochanganyika na Kiingereza. Kiswahili alikijua cha salamu tu. Alikuwa na tabia ya kueleza kila anachofanya, hata kwa mtu kama mimi asiyeuliza. Alinipa faili nimshikie, akaanza kujaza karatasi akinisomea kwa Kinyarwanda. Presha ya juu. Mapigo ya moyo kwa dakika. Hewa kwenye damu. Chumvi kwenye damu. Figo zinafanyaje kazi. Miaka. Kila jibu lina alama zake, akasema, na mwisho unajumlisha.

Muuguzi alikuwa ametoka kupima presha ya shangazi na kutaja tisini na kitu. Mama wa Rugerero akapiga makofi.

"Imeshuka! Mungu asifiwe! Ya mama mkwe wangu iko mia na sitini, inakataa kushuka kama mwenyewe."

Daktari akatikisa kichwa. Akasema kwa moyo uliochoka hivi, presha ya chini si habari njema. Inaongeza alama. Mama wa Rugerero akauliza mkwe wake amepata alama ngapi. Daktari akamwambia ni chache kuliko za jirani.

"Chache? Hata hapa tumeshindwa?"

"Mama, hizi ukipata nyingi ndipo kuna hatari. Zako ni chache, shukuru."

"Ah. Basi tumeshinda."

Daktari alitabasamu akaendelea. Alipofika kwenye miaka hakumuuliza shangazi. Alifungua faili niliyoishika, akatazama nakala ya kitambulisho, akaandika hamsini na nne. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona ncha ya kalamu. Nikamrudishia faili.

Shangazi hana miaka hamsini na nne. Zamani, baada ya kuhama kutoka Goma kuja Gisenyi, palikuwa na ghala la chupa tupu kule Rubona lililokuwa likichukua wanawake wa kuosha chupa, na walitaka wasiozidi umri fulani. Shangazi alikuwa amezidi. Siku hizo ndipo alipokuwa anaandikishwa kitambulisho, na karani akamuuliza mwaka wa kuzaliwa. Alitaja mwaka uliomfaa. Ghala lilifungwa muda mfupi baadaye, lakini mwaka ulibaki. Umo kwenye kibali chake cha kuvukia mpaka, umo kwenye kadi ya mituweli, ile bima ya matibabu, umo kwenye daftari la chama cha wauza nyanya. Naye aliuishi. Wenzake wa rika lake walipoanza kusema magoti yanauma, yeye alisema hawa wazee wamechoka. Nadhani aliuamini. Mtu akiwa na karatasi kwa muda mrefu, karatasi inamfundisha.

Siku ya tano asubuhi daktari alikuja na wenzake wanne, wakasimama kuzunguka kitanda. Uvimbe ulikuwa umepungua, hewa ilikuwa imeondolewa puani tangu jana yake. Daktari aliitazama karatasi, akawaonyesha wenzake, kisha akamwambia shangazi kwa Kinyarwanda kwamba anaendelea vizuri, alama zake ziko kwenye kundi la chini, na kesho anaweza kwenda nyumbani na vidonge na kurudi kliniki baada ya wiki mbili. Kitanda kilikuwa kinahitajika. Kulikuwa na mgonjwa kwenye benchi la korido.

Shangazi alianza kukunja kanga zake papo hapo.

Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikapiga hesabu kwa kijiti kwenye vumbi. Baba, kama angekuwa hai, angekuwa na miaka sitini na mmoja. Cheti chake cha ubatizo ninacho. Na shangazi mwenyewe hupenda kusimulia kwamba alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, baba alipozaliwa, na kwamba aliachishwa shule ili ambebe mgongoni. Sitini na moja, jumlisha sita. Nilifuta nikarudia. Sitini na saba. Nikatoa hamsini na nne. Kumi na tatu.

Nilirudi ndani nikainama sikioni mwake.

"Shangazi, ile karatasi ya daktari ina miaka ya kitambulisho."

"Donc? Basi nini?"

"Si ya kweli. Wanajumlisha alama kwa miaka. Wamekuona kijana."

"Niko kijana." Aliendelea kukunja, akiniita papa kama wanavyowaita vijana kwao Goma. "Sikiliza, papa. Hapa wakiandika mwaka ingine, mituweli watasema huyu si ule mutu wa kwenye kadi. Na kule mpakani wakisikia? Watanyang'anya kibali. Nitauza nyanya kwa nani, kwa wewe?"

"Lakini ukirudi nyumbani na pumzi ikakatika?"

"Ikakatika, utanibeba. We si unabeba magunia?" Kisha akanishika mkono, kwa nguvu. "Usiseme. Unasikia? Mi najijua. Usiseme."

Si kawaida yangu kusema. Hilo ndilo lililonitesa. Kunyamaza kwangu hakukuwa kumtii, kulikuwa tabia. Kama ningenyamaza na yeye akafa kwenye gunia lile la nguo, ningejiambia nilimtii, nami ningejua kwamba niliogopa tu kuongea na dada wa miaka ishirini na kitu aliyevaa koti jeupe.

Nikaomba ukurasa kwenye daftari la mtoto wa mgonjwa mmoja, nikakaa kwenye mkeka chini ya dirisha, nikaanza kuandika. Kinyarwanda nakiongea lakini kukiandika kunanishinda, kwa hiyo niliandika kwa Kiswahili. Nilianza wakati watu wanakunywa uji. Niliandika neno, nikakata. Mama wa Rugerero alipita na sahani mara tatu.

"Anaandika nini huyu tangu uji mpaka ugali?"

"Acha mtoto," akasema shangazi, akidhani naandika mambo ya chupa.

"Anamwandikia daktari! Nimeona, ameanza na 'Daktari'! Jamani, mkwe wetu anaandika barua ya mapenzi!"

"Weka na ua," akasema mwingine kutoka kitanda cha mwisho.

"Ua la wapi? Amwekee chupa."

Masikio yalinichoma moto. Sikuacha. Barua niliyoandika naikumbuka yote, kwa sababu ilikuwa fupi na kila neno lilinigharimu:

"Daktari, samahani. Shangazi yangu hana miaka 54. Ana 67. Kitambulisho kilikosewa zamani alipokuwa anatafuta kazi. Alimbeba baba yangu mgongoni akiwa darasa la kwanza, na baba angekuwa na 61. Naomba upige hesabu upya kabla hajaenda nyumbani. Naomba usimwambie kwamba ni mimi nimesema. Mimi ni yule anayebeba chupa."

Nilimpata daktari koridoni, karibu na mlango wa wodi yetu. Nilimpa karatasi kwa mikono miwili, nikarudi nyuma hatua moja. Aliifungua. Aliitazama juu, akaitazama chini. Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo mtu mwingine angelikumbuka kabla ya kuandika neno la kwanza: dada yule hakujua kusoma Kiswahili.

Akamwita muuguzi aliyekuwa anapanga dawa kwenye meza ndogo pale mlangoni. Muuguzi yule alikuwa mtu wa Goma kwa mama yake, Kiswahili kilikuwa chake. Daktari akampa karatasi, akamwambia amsomee. Alisoma kama watu wote wanavyosoma barua ya mtu mwingine, kwa sauti. Sentensi moja kwa Kiswahili, kisha anaigeuza kwa Kinyarwanda, tena kwa sauti. Mlango ulikuwa wazi. Sikusema "punguza sauti." Maneno hayo mawili yalikuwa mdomoni, yakakaa humo.

Kufika "usimwambie kwamba ni mimi," vichwa vyote vya wodi vilikuwa vimegeukia mlango. Kufika "anayebeba chupa," nilisikia mtu anaweka kijiko chini.

Niliingia kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Mama wa Rugerero alikuwa anamfunika mama mkwe wake, aliyekuwa amefunikwa tayari. Shangazi alikuwa amefumba macho, kanga zilizokunjwa zikiwa mapajani. Daktari alikuja akaketi pembeni ya kitanda, muuguzi akasimama nyuma yake, uso umemshuka, amejua alichofanya.

"Mama," daktari akasema, "ni kweli?"

Shangazi hakufumbua macho. "Andika sitini na saba. Ama andika mia moja. Mi niko nani?"

Muuguzi akatafsiri kwa sauti ndogo sana, ambayo sasa haikuwa na faida.

"Na kadi yangu ya mituweli?"

"Kadi haiguswi. Mwaka wa kitambulisho unabaki kwenye faili. Mimi nabadilisha kwenye hesabu yangu tu."

"Na mpakani?"

"Mama, karatasi hii haiendi mpakani. Inaishia hapa kitandani."

Hapo ndipo shangazi alipofumbua macho akanitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Alinitazama kama mtu anayetazama jembe lililovunjika mpini, na bado shamba lipo.

Daktari alijumlisha upya pale pale. Kisha akaniita koridoni pamoja na muuguzi, akanionyesha namba mbili, ya kwanza na ya pili. Ya pili ilikuwa imevuka mstari, imeingia kundi linalofuata. Alisema kwa namba hiyo, na kwa presha ile ya chini, na kwa figo zake zilivyo, hataki kumruhusu kesho. Anataka apunguze maji polepole zaidi, abadilishe dawa, amwangalie. Mgonjwa wa kwenye benchi angetafutiwa kitanda kwingine.

Nikamuuliza swali. Ndilo swali pekee nililomuuliza kwa mdomo katika siku zote hizo. Nilimuuliza kama namba ile inamaanisha shangazi atakufa.

Akasema karatasi haimjui shangazi yangu. Inajua watu wengi waliowahi kuingia hospitalini wakiwa na presha kama yake, damu kama yake na miaka kama yake, na inajua wangapi walitoka kwa miguu. Yeye ni mmoja kati ya hao. Yupi, karatasi haijui. "Hata mimi sijui," akasema. "Lakini ukiniambia uongo, inanihesabia watu wasiofanana naye."

Tulikaa siku sita zaidi. Ningependa kuandika kwamba katika siku hizo kitu kilitokea, kwamba pumzi ilikatika na madaktari wakakimbia na wakamwokoa kwa sababu ya barua yangu. Hakuna kilichotokea. Alikula bila chumvi, alikojoa, nikaandika. Kilo ziliendelea kushuka. Presha ilipanda kidogo. Kila asubuhi aliuliza mbele ya watu, "Nimekufa?" na akijibiwa hapana, alisema, "Basi nimelala bure siku ingine." Nami hakunisemesha, ila kwa mambo ya beseni.

Aliyekufa ni kikongwe wa Rugerero. Siku ya nane, baada ya chai, aliomba ageuzwe, akageuzwa, na hakurudi. Alama zake zilikuwa chache kuliko za shangazi. Mama wa Rugerero hakulia kwa sauti. Alikunja blanketi, akafunga vyombo kwenye kitambaa, akasimama katikati ya wodi akitafuta kitu ambacho hakukijua.

"Tulishinda," akasema, hakumwambia mtu yeyote. Kisha akanipa ndoo yao ndogo yenye mfuniko. "Chukua. Yako inavuja, nimeiona."

Nilitaka kumwambia pole. Nilipokea ndoo kwa mikono miwili, basi. Nadhani alielewa. Alinipiga bega akatoka.

Siku hiyo shangazi hakuuliza kama amekufa. Jioni aliangalia kitanda kitupu, akaongea nami kwa mara ya kwanza.

"Ule mama alikuwa na alama ngapi?"

"Chache. Chache kuliko zako."

"Na amekwenda."

"Ndiyo."

"Sasa munganga anajumlisha nini?"

Nilimwambia kwamba daktari anajumlisha watu. Akaniambia hiyo ni kazi ya wakora.

Tulirudi nyumbani siku ya kumi na moja na mfuko wa vidonge na karatasi ya maagizo. Apimwe kilo kila asubuhi. Kilo zikipanda ghafla kwa siku mbili tatu, arudi hospitalini haraka, maana ni maji. Asile chumvi, kwa hiyo asile sambaza waliokaushwa, na hao ndio samaki anaowapenda. Nyumbani hatuna mzani. Mwenye ghala la viazi karibu na njia ana mzani mkubwa wa magunia, naye alikubali. Kwa hiyo kila asubuhi nampeleka shangazi kupimwa kwenye mzani wa viazi, mbele ya wapakiaji wote ninaofanya nao kazi.

"Kinigi hiyo au ya kizungu?" wanauliza, wakitaja aina za viazi.

"Imeoza huku chini," shangazi anawajibu, akionyesha miguu. "Usinunue."

Wanacheka, naye anacheka. Mimi nasoma mshale na kuandika kilo kwenye daftari. Halafu anaketi kwenye kiti mlangoni, na hapo kicheko kinaisha.

Maana habari ilifika kabla yetu. Mgonjwa mmoja wa wodi ile ana dada yake hapa Mbugangari. Wauza nyanya wenzake, waliokuwa wakimwita "dada," sasa wanamwita "bibi." Walikuja kumwona na maziwa. Waliongea naye polepole, kwa sauti ya juu, kama mtu asiyesikia. Mmoja akamwambia, "Bibi, sasa pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Walipoondoka alisema, bila kuniangalia:

"Unajua umefanya nini? Kwa karatasi moja umeniongezea miaka kumi na mitatu. Mi nilikuwa naishi vizuri na ile hamsini na ine. Magoti hayakuuma. Leo yanauma."

Nilimwambia magoti yanauma kwa sababu ya maji.

"Yanauma kwa sababu yamejua," akasema.

Imepita miezi mitatu. Yuko hai. Anapanda njia mpaka ghalani akipumzika mara moja tu. Kama ningenyamaza, pengine angekuwa hai vilevile, na angekuwa anavuka mpaka. Au angekuwa amekufa wiki ile. Nimechoka kulifikiria. Usiku nalifikiria, sokoni nalifikiria nikiwa na gunia mgongoni, na halifiki mahali. Kama nina kosa sijui, na kama sina kosa pia sijui. Naona tu kiti kiko mlangoni na yeye yuko juu yake.

Jana, tukitoka kwenye mzani, alisimama pale kwenye lile jiwe la kona. Hakuketi. Akauliza:

"Ile siku munganga alikuita koridoni. Alikuonyesha namba ya pili. Ilikuwa ngapi?"

Nikasema sikumbuki.

"We, unayeandika mpaka mikojo, hukumbuki?" Akanitazama. "Nisikilize. Jumatatu nataka kuvuka. Ndoo moja, si mbili. Nikijua ile namba, nitajua kama ni ndoo ama ni kiti. Mutu asipojua anakaa tu, anangoja. Usinifiche. Ulisema ulipokatazwa kusema, sasa sema ninapouliza."

Namba ninayo. Iko kichwani, na iko nyuma ya daftari la kilo, nimeiandika kwa penseli. Daktari aliniambia haimhusu yeye peke yake, inahusu watu wengi. Lakini nikimtajia, hataisikia kama ya watu wengi. Nikimficha, atavuka Jumatatu bila kujua, au atakaa kwenye kiti maisha yake yote bila kujua. Nimeshakosea mara moja kwa kusema, au nimeshafanya vizuri mara moja kwa kusema, na hata hilo sina wa kunithibitishia.

Leo ni Alhamisi. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma. Kama umewahi kukaa na mgonjwa wa moyo, na daktari akakupa namba ambayo mgonjwa hana, uliitaja au ulinyamaza? Na baada ya hapo mgonjwa aliishije na wewe? Tafadhali niandikie, hata mistari miwili, kwa Kiswahili chochote ulicho nacho, umpe aliyekuletea karatasi hizi, itanifikia. Kama barua itachelewa kupita Jumatatu, andika tu. Nitakuwa bado nahitaji kujua.